Neno la Mhariri: Mlango wa Shangani, Pembe za Manyema

Nyumba ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ipo Shangani katika Mji Mkongwe wa Unguja, karibu na hoteli ya Africa House. Sifa zake mbili hurudiwa kila inapotajwa: mlango wa mbao uliojaa nakshi, na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Maelezo mengi huishia kizingitini. Hayasemi nakshi hizo zililipiwa wapi, wala nani waliishi nyuma ya mlango huo baada ya mwenyewe kuondoka. Toleo hili la jarida linashughulikia maswali hayo mawili, na la kwanza limepewa nafasi kubwa kwa makusudi.

Kwa ujenzi wake, nyumba hii ni ya jamii ya majumba ya matajiri wa Kiomani wa karne ya 19. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofa hulazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo hazivuki nafasi kubwa kuliko mita 3 hivi, kwa hiyo hata tajiri mkubwa alilala katika chumba kirefu na chembamba. Kwa nje kuta ziliachwa tupu, na fahari yote ikapelekwa mlangoni: kwenye fremu, kwenye mfaa unaosimama katikati ya mbao mbili, na kwenye kizingiti cha juu, penye minyororo, maua na mashina yanayojisokota. Mafundi waliotoka Kutch na Gujarat walileta baadaye matao juu ya milango na roshani za mbao zilizotobolewa kama lasi. Mtindo huo ulifikia kilele katika jengo la zahanati la mfanyabiashara Tharia Topan, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1887 na kukamilika 1894. Makala ya roshani katika toleo hili inaeleza jambo hilo vizuri na haihitaji kuongezewa.

Tharia Topan, hata hivyo, anastahili kutazamwa kwa jicho jingine. Ndiye aliyemkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara, na deni lake lililipwa kwa pembe za ndovu. Pembe hizo zilikusanywa Manyema, mashariki mwa Kongo, ambako Tippu Tip alijijengea himaya yenye makao Kasongo. Kutoka huko zilifika Mtowa, zikavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, kisha zikapita Tabora kuelekea pwani. Zilibebwa vichwani na mabegani. Baadhi ya wachukuzi walikuwa wa ujira. Wengine walikuwa mateka wa vita vilevile vilivyozileta pembe. Hakuna fundi wa Unguja aliyelipwa kwa fedha isiyopita njia hiyo, iwapo aliyemlipa alikuwa mfanyabiashara wa Manyema.

Ufuko wa kaskazini wa ziwa hilo nao umo katika hesabu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, waliikuta tayari ni kituo cha mwisho cha wafanyabiashara wa Ujiji upande huo, na miongoni mwa bidhaa zake zilikuwa pembe na watu. Miaka iliyofuata, Muhammad bin Khalfan, yaani Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip, alisukuma nguvu zake kutoka Ujiji kuelekea ncha hiyo ya ziwa. Uvira haikuwa njia kuu. Ilikuwa tawi, na matawi husahaulika haraka. Bado, kuiita nyumba ya Shangani urithi wa pwani peke yake ni kukubali nusu ya hesabu. Ni jengo la Kongo lililosimama Unguja. Ushahidi hauhitaji kutafutwa mbali: Tippu Tip mwenyewe alieleza safari zake kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa na Heinrich Brode, na kitabu hicho kimejaa majina ya bara. Wataalamu wa milango wangefaidika kukifungua.

Tippu Tip alirudi Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890, vita vya Wabelgiji vikabomoa himaya yake kati ya 1892 na 1894, naye akafariki Unguja mwaka 1905. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, majumba mengi ya Mji Mkongwe yaliachwa na wenyewe au yakachukuliwa na serikali, na familia zilizohitaji makazi zikaingizwa humo. Nyumba ya Tippu Tip nayo ikawa ya familia kadhaa. Jumba lililojengwa kwa kaya moja na watumishi wake liligawanywa chumba kwa chumba, na majiko na mabomba yakawekwa mahali ambapo mjenzi hakuyatarajia. Waandishi wengi wanakiita kipindi hiki uharibifu. Ni uvivu wa fikra. Wapangaji wamelitunza jengo kwa namna moja isiyopuuzwa: wameishi ndani yake.

Uharibifu wenyewe una sababu zinazojulikana. Maji yanayovuja hudhoofisha chokaa na kuozesha ncha za boriti ukutani; lipu ya saruji hufungia unyevu ndani ya matumbawe. Makala ya chokaa inatoa maelekezo ya kazi. Mamlaka ya hifadhi ipo tangu 1985, na Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, lakini sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020. Kwa upande mwingine, jumba la Mambo Msiige, jirani hapo hapo Shangani, lilifunguliwa kuwa hoteli mwaka 2015. Kati ya kuporomoka na kuwa hoteli, mpangaji wa kawaida hana nafasi katika mjadala.

Makala fupi kuhusu nyumba za Kalundu, bandari ya Uvira, zilizoingiliwa na maji ya Ziwa Tanganyika tangu 2020 inafunga toleo.

Msimamo wa jarida ni huu: maelezo yoyote ya nyumba ya Shangani yataje Kasongo, Mtowa na Ujiji pamoja na fundi wa mlango, na mpango wowote wa kuikarabati uanze na orodha ya wanaoishi ndani yake.