Umusambi Si Pambo la Nyumba



Hapa Rwanda korongo mwenye taji, yaani umusambi, tangu zamani ni alama ya utajiri na umri mrefu. Ajabu ni kwamba heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Makinda yalichukuliwa vinamasini, yakauzwa, yakakatwa mbawa ili yapambe bustani za hoteli na majumba ya wenye uwezo.

Tumjue ndege mwenyewe. Dume na jike huishi pamoja, hucheza kwa kuruka na kuinamiana, na hujenga kiota katikati ya majani ya kinamasi kama kile cha Rugezi. Korongo wengine hulala chini, lakini huyu ana kidole kirefu cha nyuma kinachomwezesha kushika tawi na kulala mtini. Akikatwa mbawa hapandi tena, na akifungwa uani ni nadra kuzaa. Basi kila umusambi anayefungwa ni kizazi kilichokatika.

Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianzisha kampeni ya kuwakomboa. Zaidi ya 200 walikusanywa. Wenye afya walipelekwa mbuga ya Akagera, na walioharibiwa mbawa wanatunzwa Umusambi Village, hapa Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata ndege 487 nchi nzima. Miaka ya karibuni wamepita 1,000. Alhamdulillah.

Wapo watakaosema dini imeruhusu kufuga ndege, kwani Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege chake na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Ni kweli. Lakini Mtume huyo huyo aliamuru makinda yarudishwe alipomwona mama yao akihangaika. Ruhusa ya kufuga inakuja na haki za mnyama. Kumvunja ndege ubawa ili asiondoke si kufuga, ni dhuluma.

Wazazi wenzangu, likizo ijayo tuwapeleke watoto Umusambi Village. Tusiwaeleze kitu mwanzoni. Tuwaulize tu: mbona ndege hawa wana mbawa na hawaruki? Wakishapata jibu, hawatatamani kumwona umusambi uani kwa mtu. Na tukimjua jirani anayemfuga, tumnasihi kwa upole amtoe kwa wanaohusika.

Wabillahi tawfiq.