Maumivu Si Risiti

Kuna sentensi moja niliwahi kuiandika ambayo leo ningelipa hela ifutwe. Ilikuwa ukurasa wa afya wa gazeti nililokuwa nafanyia kazi. Nafasi ilibaki chini ya tangazo, mhariri anataka kitu cha kujazia kabla ya saa kumi. Nikaandika: "Ukiamka mwili unauma baada ya mazoezi, furahi; hiyo ni asidi inatoka na misuli inajengeka." Niliitoa wapi? Kwa kocha wa jimu moja ya Sinza niliyempigia simu. Yeye aliitoa kwa kocha wake. Sikumuuliza mtu wa tatu.

Baadaye mdogo wangu wa kiume akaanza kubeba vyuma. Siku ya kwanza tu kocha akamchuchumalisha na chuma begani, seti juu ya seti, mpaka miguu ikagoma na wenzake wakapiga makofi. Kesho yake ninamkuta anashuka ngazi kinyumenyume, kashikilia ukuta. Nikamwambia apumzike. Akanicheka: "Dada, si wewe mwenyewe uliandika tufurahi?" Akameza diklofenaki za duka la dawa, akarudi jimu. Siku ya tatu mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Huyo nitamrudia. Kwanza nina ugomvi na ile sentensi.

Hakuna asidi inayotoka. Ni kweli msuli ukifanya kazi nzito huzalisha laktati, lakini ukipumzika saa moja hivi, mwili umeshaiondoa. Maumivu tunayoyasema hapa huanza baada ya kupita saa 12 hadi 24, na kilele chake ni siku ya pili au ya tatu. Yaani mshukiwa kaondoka Jumamosi, wizi umetokea Jumatatu, na bado tunamkamata yeye. Na habari hii si mpya. Mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough alishaeleza kwamba uchungu huu wa kuchelewa unaelekea kutokana na michaniko ndani ya msuli wenyewe. Mwaka 1983 watafiti wakakimbiza watu kwenye mashine: wakikimbia tambarare, laktati inapanda lakini hawaumwi, wakikimbia mteremko, laktati haipandi, na wanaumwa. Kinachouma ni msuli kurefuka huku umebeba mzigo, kama unaposhusha chuma au kuchuchumaa nacho. Ndiyo maana siku ya pili ngazi za kushuka ndizo zinakutoa machozi, na kupanda daladala ni afadhali kuliko kushuka.

Sasa hapo mtu wa jimu ananijibu: sawa, si asidi, ni michaniko, na mchaniko ukipona msuli unakua, kwa hiyo maumivu ni ushahidi. Si ushahidi. Ni ushahidi kwamba umefanya kitu ambacho mwili haukukizoea, basi. Anayebisha aende Kariakoo alfajiri akawaangalie wabeba mizigo. Yule anayetembea na lumbesa mgongoni kesho yake hachechemei mapaja kama mdogo wangu, kwa sababu msuli ukirudia kazi ile ile hujikinga. Hata mara moja tu ya kwanza hupunguza uchungu wa mara ya pili. Kwa kipimo cha jimu, mbeba lumbesa hafanyi lolote, na shujaa ni bwana anayelipa ada ya mwezi, anakwenda mara moja kila wiki tatu, na kila akienda anaumwa upya. (Mgongo wa mbeba lumbesa unauma, ndiyo, na lile ni suala la magunia na sheria isiyofuatwa. Ila sijawahi kumsikia akijisifia.)

Wakizidiwa kwa sayansi wanakuja na methali. Mvumilivu hula mbivu, nimeambiwa na watu wasiopungua watatu. Jamani, methali inasema usubiri embe liive. Haijasema uupige mwembe mateke.

Kinachonikera zaidi, kama mtu anayekula kwa maneno, ni jinsi jimu ilivyoifanya lugha kuwa maskini. Sisi tuna mwili unaokaza, unaochoma, unaowanga, unaovuta, unaokakamaa. Nesi wa zahanati yoyote hakubali umwambie "naumwa" ukanyamaza. Atakuuliza panaumaje, tangu lini, pamevimba? Jimu inakuja na neno moja, maumivu, inalibandika ukutani kwa herufi nyekundu kwamba pasipo hayo hapana faida, na maswali yote ya nesi yanageuka uoga. Kijana wa miaka 22 akisema paja limevimba na mguu hauna nguvu, anajibiwa "komaa".

Mimi sipingi vyuma. Ninabeba, nitaendelea kubeba, na wiki ya kwanza niliumwa kama kila mtu. Uchungu wa kawaida huisha wenyewe ndani ya siku chache. Ninachopinga ni kuuabudu.

Daktari alituambia jina la kilichompata, rabdomayolisisi. Msuli umevunjika kupita kiasi, umemwaga protini yake kwenye damu, protini hiyo ndiyo iliyopaka mkojo rangi, na figo zinaweza kufeli zikihangaika nayo. Akauliza kameza nini. Alipotajiwa diklofenaki alitikisa kichwa, maana dawa za aina ile nazo huzielemea figo. Alilazwa, akawekewa dripu chupa baada ya chupa, na figo zake zikanusurika. Siku ya pili wodini simu yake ikalia. Kocha kamtumia picha tatu za moto na maneno: "Karibu kwenye familia."

Nilimfuata mhariri kuomba tuchapishe masahihisho. Akasema makala ni ya zamani na hakuna msomaji aliyelalamika. Nikamwambia yupo mmoja, ana sindano ya dripu mkononi. Hayakuchapishwa. Basi nayaweka hapa: pale nilipoandika "furahi", isomeke "punguza uzito, na anza taratibu". Paja likivimba, mguu ukikosa nguvu au mkojo ukiwa na rangi ya chai, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usimeze kitu njiani.