Saa Yasema Hivi, Simu Yasema Vile: Tuwaandikie Wagonjwa Dakika, Si Kilomita

Katika huduma ya mkoba niliyoshiriki wilayani Kasulu, alikuja mama wa miaka sitini na kitu, ameongozana na kijana wake. Nilimfahamu. Miezi mitatu kabla ya hapo nilimtibu kwa tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo, na alipotulia nikamwandikia kwenye kadi: “Atembee kilomita tatu kila siku.” Safari hii miguu ilikuwa imevimba tena, na usiku alilazimika kulalia mito mitatu. Nilidhani ameacha dawa. Hakuwa ameacha hata kidonge kimoja.

“Shikamoo mama,” nilimsalimu, “mazoezi yanaendaje?”

“Marahaba mwanangu. Muulize huyu mwenye saa.”

Kijana alieleza kwamba wanafuata nilivyoandika, ila vipimo vinagombana. Simu, ambayo mama huifunga kwenye pindo la kanga, husema wametembea kilomita 3.4. Saa ya kijana, kwa njia ile ile, husema 2.8. Kwa kuwa hakutaka mama yake apungukiwe na dozi, aliamua kuiamini saa. Kila jioni waliongeza kipande cha njia, na kipande chenyewe kilikuwa cha kupanda mlima. Mama alikuwa akiishiwa pumzi katikati ya kilima, na akaendelea kupanda kwa sababu saa ilikuwa haijafika tatu.

Sisemi kwamba kilima kile peke yake ndicho kilichomrudisha kwetu. Chumvi katika mboga za nyumbani nayo ilikuwa na mchango wake. Lakini mgonjwa aliyepuuza pumzi zake ili kutii tarakimu alikuwa ametii maandishi yangu. Kosa lilikuwa langu.

Kijana alitaka kujua kipi kati ya vifaa vile ni kibovu. Hakuna kilichokuwa kibovu. Saa yake hupokea mawimbi ya setilaiti za GPS zinazoizunguka dunia kwa kimo cha takribani kilomita 20,200. Hupima muda ambao mawimbi yametumia kufika, na kutokana na muda huo hukadiria mahali ilipo. Hata penye anga wazi, makadirio hayo huweza kukosea kwa mita kadhaa. Kisha saa huunganisha nukta moja na nyingine kwa mstari ulionyooka. Ikiwa imewekwa kubana matumizi ya betri, hupokea nukta chache zaidi, hivyo njia inayojipinda kama nyoka kupanda mlima, kama zilivyo njia nyingi za miguu za Buha, hukatwa kona zake na kuwa fupi. Kinyume chake hutokea ukisimama chini ya mti kuzungumza na jirani: nukta huhangaika huku na huku, na kifaa kisichochuja vizuri hukuongezea mita ambazo hukuzitembea. Majani mazito, mabonde yenye kingo za juu na mawimbi yanayogonga mapaa ya bati kabla ya kufika huzidisha makosa hayo.

Simu ya mama ilikuwa ikifanya kazi nyingine kabisa. Ilihesabu mitikisiko ya mwili, ikaichukulia kila mmoja kuwa hatua, ikazidisha kwa urefu wa hatua iliokadiria. Mtu anapopanda mlima hatua zake hufupika. Simu isiyolijua hilo humhesabia umbali mkubwa kuliko halisi. Na kama kijana angekuwa anasukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi, jambo la kawaida kabisa katika barabara za Kasulu, huku akitumia saa inayohesabu hatua kwa mbembeo wa mkono, ingemnyima hatua nyingi, kwa kuwa mikono iliyoshika usukani haibembei.

Nitaje baiskeli nyingine. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwaka 2025, njia aliyokimbia haikuwa imepimwa kwa saa ya mkononi. Njia za marathoni zinazotambuliwa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, baada ya kulinganishwa na umbali uliopimwa kwa futi kamba ya chuma. Mpimaji hufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, na huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili njia isije ikaonekana pungufu. Ndiyo maana wakimbiaji wengi humaliza saa zao zikisoma zaidi ya kilomita 42.195, kisha wakawalaumu waandaaji bure.

Hata hivyo, ubishi wa saa na simu si kiini cha hoja yangu. Tuseme mama yule angekuwa na kifaa kisichokosea hata mita moja. Bado maandishi yangu yangekuwa mabaya. Chukua njia inayopanda mita 10 kwa kila mita 100 za mlalo. Njia ambayo kwenye ramani ni mita 1,000, miguuni ni mita 1,005 tu. Kwa macho ya kifaa cha kupima umbali, mlima ule karibu haupo. Kwa moyo mambo ni tofauti. Kwa kanuni ya Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, mtu anayetembea mita 80 kwa dakika kwenye tambarare hutumia takribani mililita 11.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake kila dakika. Kwa kasi hiyo hiyo kwenye mwinuko niliotaja, huhitaji takribani 25.9. Umbali umeongezeka kwa nusu ya asilimia moja. Kazi imezidi mara mbili. Wagonjwa wengi wa moyo kushindwa hawafiki kiwango hicho hata wakijitahidi hadi mwisho wa nguvu zao.

Hospitali nyingi tulizofundishiwa zina korido ndefu zilizo tambarare, nasi tukazoea kufikiri kwa kilomita. Nyanda za juu za Kigoma hazina korido. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linawashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, halitaji kilomita. Dakika ya saa ya ukutani, ya simu na ya redio ni ile ile, bondeni na kilimani. Ukali wa zoezi nao hupimwa kwa kinywa: anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko pazuri; anayeshindwa kumaliza sentensi apunguze mwendo au asimame.

Tulipofika Kibondo, tabibu mmoja kijana alinipinga. Alisema vifaa hivi vimewatoa vitini watu ambao ushauri wetu wa miaka yote haukuwatoa. Ni kweli, na sitaki mtu atupe saa yake. Anayetumia kifaa kile kile, mahali pale pale mwilini, kwenye njia ile ile, anaweza kujilinganisha na nafsi yake ya mwezi uliopita. Ila asijilinganishe na jirani.

Lakini tabibu huyo alikuwa akitumia simu pia kwa kipimo cha kutembea kwa dakika sita, na hapo nilimkatalia. Katika kipimo hicho, ongezeko la mita 30 hivi tayari huhesabiwa kuwa na maana kwa mgonjwa. Simu inayokosea mita kadhaa katika kila mgeuko, ilhali mgonjwa hugeuka kila baada ya mita 30, haiwezi kuliona ongezeko hilo. Tulipima mita 30 kwa futi kamba pembeni mwa uwanja wa mpira, tukaweka jiwe kila mwisho, na muuguzi akahesabu mizunguko kwa punje za maharage mfukoni.

Kadi ya mama wa Kasulu nimeiandika upya. Inasema: dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, kwenye sehemu tambarare karibu na nyumba, akizungumza na mwanawe njia nzima, akishindwa kuzungumza, akae. Na uzito ukizidi kilo 2 ndani ya siku tatu, asisubiri kliniki. Kijana aliuliza kama aendelee kuvaa saa. Nilimwambia avae, ila aangalie dakika.