Tuipime Ardhi ya Bagamoyo Kabla ya Kuichimba

Mtu atokaye Dunda, Bagamoyo mjini, akashika njia ya kusini kwenda Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi, hukuta magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na minara ambayo zamani ilipambwa kwa vibakuli vya Kichina. Na aghalabu, akiisha kuyatazama, hurudi mjini akidhani kwamba ameuona mji mzima wa kale. Kumbe alichokiona ni mahali pa ibada na pa maziko tu. Ama pale watu walipolala, walipopika na walipolea watoto, amepakanyaga asijue.

Sababu yake ni dhahiri. Wengi wa wazee wetu wa pwani walikaa katika nyumba za fito na udongo wa kutomea, na nyumba ya namna hiyo ikianguka hurejea kuwa ardhi. Neville Chittick alipochimba Kaole mwaka 1958, njia ya kawaida ya kuyajua ya chini ilikuwa kuyafukua. Mwaka ule ule, huko Uingereza, Martin Aitken alikuwa akijaribu chombo cha kupima sumaku ya ardhi ili kutafuta matanuri ya vyungu yaliyofukiwa, na elimu hiyo leo imekomaa.

Udongo una chembe za chuma, nao ukichomwa kwa moto mkali kisha ukapoa, chembe zile hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia zikabaki nao karne kwa karne. Kwa hiyo tanuri, meko, au ukuta wa udongo ulioungua huacha athari ambayo jicho halioni lakini chombo huitambua. Mpimaji huvua mkanda wenye bizimu ya chuma, huweka funguo mbali, kisha hutembea taratibu kufuata kamba zilizotandazwa, chombo kikipita juu ya ardhi pasipo kuigusa. Kuta za mawe nazo hutafutwa kwa umeme, kwani penye jiwe umeme hupita kwa taabu kuliko penye udongo wenye unyevu.

Wala haya si mambo ya ng'ambo tu. Songo Mnara, karibu na Kilwa, katika utafiti ulioongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, viwanja vilivyodhaniwa kuwa vitupu baina ya majumba ya mawe vilipimwa, kisha vikachimbwa kwa kiasi, ikaonekana kwamba humo namo mlikuwa na nyumba za udongo. Unguja Ukuu vilevile imepimwa. Basi wale tusiowataja katika tarehe zetu, kwa kuwa hawakujenga kwa chokaa, wameanza kurudishiwa mahali pao.

Watasema wengine kwamba kazi hii ina gharama, na kwamba ina kasoro. Ni kweli: mabati na misumari ya mjini hukichanganya chombo cha sumaku, na mawimbi ya rada, ambayo nayo hupelekwa ardhini kutafuta yaliyofukiwa, hufifia katika ardhi yenye maji ya chumvi. Lakini gharama ya kupima hulipika, ilhali msingi wa jengo ukiisha kukata kaburi au sakafu ya kale, hapana fedha iwezayo kuirudisha. Fauka ya hayo, Kaole ni mahali ambapo watu hadi leo huzuru na kuomba dua. Na njia inayotuonyesha yaliyomo bila kuwasumbua waliolala ndiyo ipasayo adabu yetu.

Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu mwaka 1964, na Sheria ya Mazingira ya 2004 yataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Maadamu Bagamoyo inakua na viwanja vinagawanywa, upimaji huu na uwe sehemu ya tathmini hiyo, na vijana wetu wanaosoma akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapewe vyombo na kazi ya kuufanya. Nawe msomaji wa Dunda, Kaole au Mbegani, ukichimba shimo ukaona vigae vya vyungu vya kale, usivitupe. Simamisha jembe, uiarifu Idara ya Mambo ya Kale.