Mnavunja Timu, Mwanamke Anabaki na Vidonge

Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025, Wizara ya Afya iliagiza kliniki za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, zile tunazoziita CCC, ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Kwa Homa Bay, ambako utafiti wa KENPHIA wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano ana virusi, agizo hilo si dogo. Wengi wamelilia ARV. Kinachoniudhi mimi ni kwamba tunavunja karibu mahali pekee ambapo mgonjwa wa hospitali ya umma huku Kendu Bay aliwahi kuhudumiwa na timu, badala ya kuupeleka mtindo huo kwa wanawake wenye maumivu sugu ya uke.

Maumivu haya huwaka kama pilipili, mengine wakati wa tendo la ndoa tu, mengine hata mtu akikaa kwenye bodaboda. Chanzo chake mara nyingi si kimoja: neva, ngozi, kovu la kujifungua, misuli ya nyonga inayojikaza kwa kuogopa kuumia. Kichocho nacho kimo: dawa huua minyoo yake, lakini mayai yaliyokwama kwenye nyama hubaki pale pale. Kwa kuwa chanzo si kimoja, kule Vancouver, Kanada, daktari wa wanawake, mtaalamu wa fiziotherapia na mwanasaikolojia humtibu mgonjwa kwa mpango mmoja.

Wanaoitetea wizara wanasema kliniki ya pembeni ilimwanika mgonjwa mbele ya kila mpita njia, na kwamba pesa za wafadhili hazikuwa za milele. Kweli. Wanasema pia Kendu Bay si Vancouver. Hilo nalo tunalijua.

Lakini tazameni kinachompata mchuuzi wa omena mwenye maumivu haya akifika dirishani hospitalini leo. Anaulizwa kama anatokwa na uchafu. Bila kukaguliwa anaandikiwa Flagyl, dawa ya fangasi na viuavijasumu vya magonjwa ya zinaa, kisha anakabidhiwa karatasi ya kumwita mwenzake aje atibiwe. Ufuoni, ambako kila mtu anaijua jaboya, biashara ya mwili kwa samaki, karatasi hiyo ni hukumu. Mume akiisoma, haulizi mkewe anaumwa nini; anauliza ni mvuvi gani. Wiki mbili baadaye maumivu yako vile vile. Mama anarudi na daftari lake la shule, ndiyo faili lake hilo, anakutana na mhudumu mwingine anayefungua ukurasa mpya na kuandika dawa zile zile. Ukurasa wa nyuma hausomwi. Daftari likijaa anaambiwa hana ugonjwa, ni mawazo tu.

CCC haikufanya kazi hivyo. Mgonjwa alikuwa na faili moja, mshauri aliyemjua kwa jina, na mtu wa kumpigia simu asipotokea. Hiyo ndiyo timu, wala haihitaji ghorofa.

Kwa hiyo msituimbie wimbo wa pesa. Amitriptilini, inayotuliza maumivu ya neva kwa dozi ndogo, ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Wataalamu wa fiziotherapia wanaonyoosha migongo na miguu iliyovunjika wanaweza kufundishwa misuli ya nyonga. Daktari wa wanawake anaweza kutoka hospitali ya rufaa ya kaunti mara moja kwa mwezi. Kinachokosekana ni mkubwa mmoja wa kuamini kwamba mwanamke asiye na usaha wala kidonda anaweza kuwa mgonjwa.

Gavana Gladys Wanga ndiye mwanamke wa kwanza kuiongoza kaunti hii, na hospitali zetu ziko chini ya kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Hana haja ya kusubiri Nairobi. Washauri waliopoteza ajira misaada ilipokatika wanaijua kazi hii. Awarudishe, awape siku moja kwa wiki, chumba chenye mlango unaofungika, na faili moja kwa kila mgonjwa.