Mwani wa Kwale: Tuanze na Mbegu

Bayoteknolojia ikitajwa huku kwetu Pwani, mazungumzo huishia kwenye mahindi ya GMO. Lakini elimu hii ina milango mingi, na mmoja wao unaelekea baharini.

Kibuyuni na vijiji vyengine vya pwani ya Kwale, kina mama hushuka ufuoni maji ya bamvua yakipwa, wakafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Baada ya wiki sita hivi huvuna, wakaanika, wakauza kwa kilo. Mwani mkavu huvushwa ng'ambo, ukatolewa karajinani, ule ute unaozidisha uzito wa aiskrimu na dawa ya meno. Faida kubwa imo kwenye ute huo. Sisi twabaki na bei ya gunia.

Wengi husema dawa ni kiwanda. Ni kweli, lakini kiwanda chataka mali ghafi ya kutosha, na hapo ndipo penye ufa. Kipande kinachofungwa leo kilikatwa kwenye mwani wa jana, na ule wa jana kwenye wa juzi. Mmea ni ule ule, na kila ukikatwa hupungua nguvu. Joto la kaskazi likizidi, hugeuka mweupe ukakatika, ukachukuliwa na mkondo. Kotonii, aina yenye bei nzuri, ndiyo isiyostahimili joto. Kwa hivyo mkulima hushikamana na spinosamu ya bei ya chini.

Maabara yaweza kusaidia. Kwa ukuzaji wa tishu, kipande kidogo cha mwani wenye afya husafishwa vijidudu, kikakuzwa chupani hadi kikatoa miche mingi. Hakuna jeni ya kigeni inayotiwa. Indonesia wanaitumia njia hii kwa kotonii.

Wataalamu tunao: KMFRI Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Kinachotakikana ni kitalu cha mbegu karibu na wakulima, na kimilikiwe na ushirika wao. Kikiwa mali ya mfanyabiashara, kina mama watanunua mbegu kwa bei yake na kumuuzia mwani kwa bei yake pia.

Kaunti ikija kukusanya maoni ya bajeti, tusiombe kamba na mabanda ya kuanikia pekee. Tuulize: kitalu cha mbegu kimetengewa shilingi ngapi, na hati itaandikwa jina la nani?