Chungu Kilikaa Wapi?



Historia ya safari za majini katika ukanda wetu imeandikwa kwa tanga na upepo. Tunasoma habari za kaskazi na kusi, za mitepe iliyoshonwa kwa kamba za nazi, za manahodha waliojua nyota. Mpishi hatajwi. Toleo hili tumeliandaa tukiamini kwamba jiko, sawasawa na tanga, ndilo lililoamua chombo kifike wapi, na kwamba anayeandika habari za mabaharia bila kuuliza walipikia wapi ameandika nusu yake.

Tazama merikebu mbili zilizozama Mediterania. Ya kwanza ilizama karibu na Kyrenia, Kupro, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Wapiga mbizi walikuta humo vikombe vinne, vijiko vinne na sufuria kubwa, lakini jiko hawakuliona. Wataalamu wakakata shauri kwamba mabaharia walikuwa wanne, na kwamba walikuwa wakitia nanga na kupika ufukweni. Ya pili, ya Yassıada nchini Uturuki, ni ya karne ya 7. Hiyo ilikuwa na jiko lake upande wa tezi, la vigae na nondo za chuma, pamoja na vyungu vingi. Chombo cha kwanza kilikuwa mateka wa pwani. Cha pili kingeweza kuipa pwani kisogo.

Kuwasha moto juu ya mbao si mchezo. Chombo kinayumba, upepo unarusha cheche, na mbao zenyewe zimezibwa kalafati na kupakwa sifa, vitu vinavyopenda moto kuliko makaa yenyewe. Chungu kikipinduka, njaa ndiyo hasara ndogo. Wasama, watu wa bahari wa Ufilipino na Borneo, walilitatua jambo hili kwa udongo: jiko la kubebeka, lenye mafiga yaliyofinyangwa humohumo ya kushika chungu na sinia mbele ya kudaka makaa yanayodondoka. Vipande vya majiko ya namna hiyo vimefukuliwa Bukit Tengkorak, Sabah, na umri wake ni karibu miaka 3,000. Kwa jiko hilo mtu aliweza kuishi mashuani na watoto wake, si kusafiri tu.

Huku kwetu jibu lilikuwa sanduku la mbao lililotiwa mchanga. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipopanda jahazi la Kuwait huko Aden mwaka 1938, mabaharia walikuwa wakipikiwa kwenye sanduku la moto sitahani, hadi Zanzibar na delta ya Rufiji walikofuata boriti. Mchanga kidogo, kuni, wali na samaki: biashara ya Bahari ya Hindi ililishwa hivyo.

Na sisi wa Kampala? Henry Morton Stanley alipolizunguka ziwa letu, Nalubaale (Victoria), mwaka 1875 aliikuta mitumbwi ya Kabaka Mutesa, nayo ya mbao za kushonwa, ikienda kwa misafara mikubwa. Wapiga kasia wake walipiga kambi nchi kavu na kupika huko. Ziwa lenye visiwa 84 vya Ssese linaruhusu anasa hiyo. Kwa maoni yangu, visiwa ndivyo vilivyokuwa jiko la Nalubaale.

Sigiri tunayopikia leo ina safari yake pia. Ile ya chuma nje na udongo ndani ilizaliwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutokana na wazo la jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa Katwe huigonga kwa mabati chakavu, na wateja wao hawaulizi asili yake. Sioni ubaya. Jiko zuri halihitaji pasipoti.

Kinachonisumbua ni kwamba chombo hupata nafasi katika makumbusho, huku jiko lake likiishia jalalani. Basi wewe wa mialo ya Ggaba, Katosi au Kasenyi, au uliyewahi kusafiri kwa jahazi kati ya Lamu na Unguja: kama uliwahi kula chakula kilichopikwa chomboni, tuandikie. Tueleze jiko lilikuwa la namna gani, liliwekwa wapi, na nani alipika. Ukiwa na picha, itume pia. Toleo lijalo limeziachia kurasa barua na picha hizo.

Mhariri,
Kampala